Aliyenyimwa ruhusa asipewe funguo zote

Ni siku ya kufunga hesabu za mwezi. Mhasibu anafungua faili la mauzo lililohifadhiwa kwenye wingu, anakuta maandishi mekundu: huna ruhusa. Jana lilifunguka. Anampigia simu kijana wa IT, huku bosi amesimama mlangoni anauliza kuna nini. Kinachofuata tunakijua sote. Kijana anampa mhasibu ruhusa ya msimamizi mkuu wa mfumo mzima, faili linafunguka, na kila mtu anarudi kazini kwake. Ruhusa ile haiondolewi. Mhasibu anahamia idara nyingine, anapanda cheo, pengine anaacha kazi kabisa, na akaunti yake bado ina uwezo wa kufuta kila seva ya kampuni.

Tabia hii ikome. Wala hatusemi mhasibu aachwe anasubiri wakati hesabu zinadaiwa. Tunasema ruhusa iliyokosekana ina sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo hupatikana kwa dakika chache endapo anayeitafuta anajua pa kutazama.

Aanze na ujumbe wenyewe wa kukataliwa. Wengi huupiga picha nusu na kuutuma WhatsApp, kumbe nusu iliyokatwa ndiyo yenye jibu. Kwenye AWS, huduma ya wingu ya Amazon, ujumbe huo hutaja nani aliyeomba, alitaka kufanya nini, kwenye kitu gani, na mara nyingi hutaja pia kwa nini amekataliwa. Sababu kubwa ni mbili, na hazitibiwi kwa dawa moja. Huenda hakuna sera yoyote inayomruhusu. Hapo anaongezewa ruhusa na shughuli inaisha. Au ipo sera inayomkataza waziwazi. Hapo unaweza kumwongezea ruhusa hadi usiku wa manane na hali ikabaki vilevile, kwa sababu katazo la wazi hushinda kila ruhusa. Na kama katazo limewekwa juu, kwenye sera inayotawala akaunti zote za taasisi, halimwachi hata mwenye ruhusa zote ndani ya akaunti iliyo chini yake. Kwa hiyo kumpa mtu usimamizi mkuu ni hatari, na mara nyingine hata hakusaidii.

Halafu aulize: aliyekataliwa ni nani hasa? Ofisi nyingi zina akaunti ya majaribio na akaunti ya kazi halisi, na mtu huingia moja akidhani yuko kwenye nyingine. Programu nazo huendelea kutumia ufunguo wa zamani uliosahauliwa kwenye faili la mipangilio. AWS ina amri fupi, aws sts get-caller-identity, ambayo mtu hahitaji ruhusa yoyote kuitumia. Hujibu kwa namba ya akaunti na jina la utambulisho unaotumika wakati huo. Tungependa kila kijana wa IT aizoee amri hii kabla hajagusa sera ya mtu yeyote.

Kuna kosa moja dogo linalostahili kutajwa kwa urefu, maana limepoteza saa nyingi za watu. Kwenye S3, huduma ya AWS ya kuhifadhi mafaili, ruhusa ya kuona orodha ya mafaili hufungwa kwenye hifadhi yenyewe. Ruhusa ya kusoma faili hufungwa kwenye vitu vilivyomo ndani, na anwani yake kwa kawaida huishia na mkwaju na nyota: /*. Mwandishi wa sera akiandika anwani moja tu kwa ruhusa zote mbili, nusu ya sera yake haifanyi kazi. Mtumiaji ataona majina ya mafaili yote lakini hataweza kufungua hata moja, au atafungua faili analolijua jina lake lakini hataweza kuona orodha. Herufi mbili tu zimekosekana, au zimezidi. Na kuna mtego mwingine hapohapo. Mtu asiye na ruhusa ya kuona orodha akiomba faili ambalo halipo, mfumo humwambia amekataliwa, haumwambii kwamba faili halipo. Ndiyo maana watu huhangaika na sera mchana kutwa, kumbe tatizo ni jina la faili lililoandikwa vibaya.

Usimbaji nao una yake. Faili likiwa limefungwa kwa ufunguo unaosimamiwa na taasisi, ufunguo huo una sera yake peke yake. Mtu anaweza kuwa na kila ruhusa ya kusoma faili na bado akakwama, kwa kuwa hana ruhusa ya kutumia ufunguo.

Na lile neno la mhasibu, kwamba jana lilifunguka, lisipuuzwe. Kama jana lilifunguka, basi kuna kilichobadilika. CloudTrail, daftari la matukio la AWS, huonyesha mabadiliko ya usimamizi yaliyofanyika ndani ya siku 90 zilizopita bila mtu kuiwasha: nani alibadilisha sera gani, na saa ngapi. Kutazama humo ni haraka kuliko kubahatisha. Wanaotumia Google Cloud na Azure nao wana vyombo vya kupima kama mtu fulani ana ruhusa fulani kwenye kitu fulani. Wakumbuke tu kwamba mabadiliko hayaanzi kufanya kazi papo hapo. Kwenye Azure yanaweza kuchukua hadi dakika 10. Wengi huongeza ruhusa, hujaribu mara moja, huona bado, kisha huongeza kubwa zaidi, wakati ile ya kwanza ilikuwa inatosha.

Madhara ya ruhusa iliyozidi si ya kufikirika. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilitangaza kwamba taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini humo, na wengine milioni 6 hivi Kanada, zilikuwa zimechukuliwa kutoka kwenye hifadhi yake ya wingu. Mvamizi alipenya kwenye ukuta wa kinga uliokuwa umepangwa vibaya. Lakini kupenya peke yake kusingemfikisha mbali. Kilichomfikisha ni utambulisho uliokuwa umepewa ukuta ule, ambao uliweza kuorodhesha hifadhi za benki na kusoma mafaili yaliyomo. Mwaka 2020 msimamizi wa mabenki aliitoza Capital One faini ya dola milioni 80.

Hili lilikwisha kusemwa zamani. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa ruhusa chache kabisa zinazotosha kazi yake, na kwamba msingi wa mfumo uwe kukataa, siyo kuruhusu. Huduma za wingu za leo zimejengwa hivyohivyo: mtu mpya haanzi na chochote. Ni sisi, kwa haraka zetu, tunaoubomoa msingi huo.

Lawama zisimwangukie kijana wa IT pekee. Anayepigiwa simu na mkurugenzi na kuambiwa fanya lifunguke sasa hivi, atafanya lifunguke. Kampuni ambayo mfanyakazi wake huchukua wiki nzima kupata ruhusa halali, kwa fomu na sahihi za mabosi watatu, inawafundisha watu wake kuazimana nywila. Ruhusa ndogo ikipatikana haraka, hakuna atakayeomba kubwa. Na ikibidi kutoa kubwa kwa dharura, itolewe ikiwa na saa ya kuisha iliyowekwa ndani ya mfumo. Ahadi ya mdomo kwamba itaondolewa baadaye haitoshi.

Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Mkurugenzi ambaye hajui ni watu wangapi katika kampuni yake wanaweza kusoma taarifa za wateja wote hawezi kusema analinda chochote.

Kwa hiyo aulize. Aagize apewe orodha ya kila mwenye ruhusa ya usimamizi mkuu, na mbele ya kila jina iandikwe ni lini mara ya mwisho mtu huyo aliitumia. AWS huweka taarifa hizo za matumizi yenyewe, bila gharama ya ziada. Yeyote ambaye hajaigusa ruhusa hiyo kwa miezi mitatu anyang'anywe, na akiihitaji tena, apewe siku hiyohiyo.