Mpunga Hauli Urea Peke Yake

Ndugu wakulima wa mpunga, tuna desturi moja ambayo inatupotezea fedha. Jani likipauka, tunakimbilia urea. Mche ukidumaa, urea. Mavuno yakipungua, msimu ujao tunaongeza mfuko. Urea ni mbolea njema, nami siipingi. Ninachokipinga ni kudhani kwamba mpunga una njaa ya aina moja tu.

Ingia jarubani wiki mbili hadi nne baada ya kupandikiza, uiname, ulitazame jani changa. Ukiona sehemu yake ya chini, kandokando ya mshipa wa kati, imepauka hadi kuwa nyeupe; ukiona majani mengine yana madoa ya rangi ya kutu, na miche imedumaa kwa mabaka, hapa mirefu, pale mifupi, basi shuku upungufu wa zinki. Mpunga wa namna hiyo huchipua kidogo na huchelewa kukomaa. Siku ya kupepeta, mapepe huwa mengi, na urea haiwezi kuziba pengo hilo.

Wenzetu wa India walikwisha kuonja adha hii. Katika ukanda wa Tarai, chini ya milima ya Himalaya, mpunga ulishambuliwa na maradhi yaliyoitwa khaira. Mwaka 1966 mtaalamu wa magonjwa ya mimea, Y. L. Nene wa chuo kikuu cha kilimo cha Pantnagar, alibainisha kwamba kiini chake si mdudu wala kuvu, bali ni ukosefu wa zinki. Dawa yake haikuwa ya kutisha: kilo 5 za salfeti ya zinki na kilo 2.5 za chokaa iliyozimwa, katika lita 1,000 za maji, kwa kunyunyizia hekta moja.

Atauliza mtu: mbona babu zetu walilima bila zinki na wakala wakashiba? Walilima mara moja kwa mwaka, kwa mbegu za mavuno ya wastani. Leo tunapanda mbegu za mavuno mengi kama SARO 5, na kwenye skimu za umwagiliaji wengine huvuna mara mbili. Kila gunia litokalo shambani limeondoka na zinki ambayo haturudishi. Tena maji yakituama jarubani muda mrefu, zinki iliyomo hufungwa udongoni, mizizi isiipate. Hali huwa mbaya zaidi kwenye udongo wa magadi au wenye chokaa nyingi, na palipomwagwa fosfati kupita kiasi.

Tufanyeje basi? Kwanza, tupime udongo, maana si kila jaruba lina upungufu, na kununua zinki isiyohitajika ni hasara vilevile. Bwana shamba akuelekeze namna ya kuchukua sampuli na maabara ya kuipeleka. Pili, upungufu ukithibitika, kipimo kilichozoeleka India ni kilo 25 za salfeti ya zinki kwa hekta, yaani kilo 10 kwa ekari, kabla ya kupandikiza. Usiichanganye na mbolea ya DAP, kwa kuwa fosfati iliyomo huifunga. Ukipenda mbolea iliyokwisha kuongezwa zinki, soma mfuko: kiasi cha zinki sharti kiwe kimeandikwa. Tatu, liache jaruba moja bila zinki, ili wakati wa mavuno macho yako yawe shahidi.

Wasemao kwamba ni gharama wakumbuke kuwa zinki iliyowekwa udongoni huweza kuufaa mpunga kwa misimu kadhaa. Nanyi wauza pembejeo, msimuuzie mkulima mfuko bila maelezo. Viongozi wa vyama vya umwagiliaji, changisheni fedha za kupimia udongo kama mnavyochangisha za kuzibua mifereji.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Basi ndugu yangu, kabla hujajitwisha mfuko mwingine wa urea, pima udongo wako.