Ramani Kuukuu na Somo la Jiografia

Mwalimu mwenzangu hapa Mhunze aliniuliza kwa nini nazihifadhi ramani za kontua zilizochorwa kabla ya mwaka 1974, ilhali kaya nyingi zilizomo zimekwisha kuhama. Nilimjibu kwamba nazihifadhi kwa sababu hiyo hiyo.

Wengi wetu hufundisha usomaji wa ramani kana kwamba ni tawi la hesabu. Mwanafunzi hupima barabara kwa uzi, hukokotoa kwa skeli ya 1:50,000, hupata kilometa zake, na kazi imekwisha. Siupingi uzi, mtihani wautaka. Lakini aliyefundishwa hivyo tu hataijua nchi anayoikanyaga.

Mimi mwenyewe nimewahi kuaibika. Nilipokuwa mgeni katika ualimu niliwaongoza wanafunzi mwezi wa Agosti kuufuata mstari wa buluu ramanini, nikiwaahidi maji huko mbele. Tulikuta mchanga mtupu. Mstari ule ulikuwa wa vipande vipande, maana yake mto wa msimu, na ufunguo ulieleza hayo pambizoni, sikuusoma. Aliyetunywesha ni mama mmoja aliyekuwa akifukua mchanga kwa kibuyu, na yeye hakuwa na ramani.

Hapana budi, basi, somo lianzie pambizoni: mwaka wa picha za angani, alama, na kizio cha urefu. Ramani nyingi za zamani hutumia futi. Kontua zikipishana kwa futi 50, yaani mita 15 hivi, korongo lenye kina cha mita 5 laweza kupita kati yake lisionekane kabisa. Katika nchi tambarare kama yetu mengi hujificha hapo.

Kisha darasa litoke nje, ramani mkononi. Penye nukta nyeusi za nyumba zilizotawanyika pengine watakuta shamba la pamba, kwa kuwa Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliwakusanya watu. Palipochorwa kichaka huenda wakakuta uwanda mtupu, au ngitili iliyoota upya baada ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuanza mwaka 1986. Kila tofauti waiulizie kwa wazee. Nimemwona msichana akiishika ramani kwa mikono miwili baada ya babu yake kumwonyesha nukta ya kaya yao ya zamani.

Wapo wasemao kwamba vipindi vya juma havitoshi kwa matembezi hayo. Kweli havitoshi. Mimi huomba Jumamosi.