Tumeitoa otomatiki kwenye Benzi ya Baba

Haya, nyote mlioniuliza baada ya kipindi kilichopita ile kelele ya vyuma nyuma ya sauti yangu ilikuwa nini: ilikuwa gereji. Nilirekodi nikiwa na mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Nilitaja kwa haraka tu kwamba tunatoa giaboksi ya otomatiki kwenye gari ya Baba tunaweka ya gia za mkono, nikaendelea na mada nyingine, na ujumbe ukamiminika. Nusu yenu mnataka kujua inafanywaje. Nusu nyingine mnataka kujua kwa nini mtu mwenye akili zake afanye hivyo. Na dada yangu, ambaye hatusikilizi kabisa, anataka kujua kwa nini nimemnyang'anya Baba gari yake. Nitafika huko.

Gari kwanza. Ni Mercedes-Benz 300D ya 1983, umbo lile wapenzi wa magari wanaliita W123. Hata kama hujui jina, umeiona: pana, mraba mraba, nyota imesimama puani. Zilianza kuuzwa 1976, utengenezaji ukaisha mwanzoni mwa 1986, na kwa jumla zilifika karibu milioni 2.7. Ujerumani zilikuwa teksi. Moroko zilikuwa teksi mpaka watu wakadhani zilizaliwa huko. Kwetu zilikuwa za wakubwa, ndipo likaja lile neno "Wabenzi", ambalo ukiwa mdogo unaweza kudhani ni kabila kama Wadigo au Wataita. Si kabila. Ni wale wenye Benzi.

Baba hakuwa Mbenzi. Alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba. Anasema akiwa anapanda mlima wa Mazeras na mzigo, yuko gia ya pili, moshi umemjaa puani, Benzi ilikuwa inampita kama vile barabara ni tambarare. Aliapa siku moja ataipata. Aliipata Columbus, Ohio, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia Florida, na ikawa hiyo ndiyo gari ya harusi, ya msikitini, ya kwenda kupokea wageni uwanja wa ndege. Sisi wengine tulipelekwa shule na Toyota.

Sasa, hapa Marekani 300D hizi ziliuzwa otomatiki tu. Ukitaka gia za mkono ulipewa 240D, mdogo wake, yenye silinda nne na nguvu isiyofika farasi 70. Ya Baba ni ya turbo, silinda tano, farasi kama 120. Kwa hiyo injini nzuri ilikuja na giaboksi ya uvivu, na giaboksi nzuri ilikuja na injini ya subira. Watu wenye magari haya wameshaona hilo zamani: unachukua viungo vya 240D unavipandikiza kwenye 300D. Wengine huagiza ya gia tano kutoka Ulaya. Sisi hatukuwa na pesa za gia tano.

Na ile otomatiki, jamani, si mbovu kwa asili. Ina gia nne, lakini ukiondoka kawaida inaanzia ya pili; ya kwanza unaipata ukikanyaga mafuta mpaka chini. Ndiyo maana kwenye taa za barabarani watu wa nyuma walikuwa wanatupigia honi. Kuna jambo lingine ambalo mimi lilinichekesha. Injini ya dizeli haivuti hewa kwa nguvu kama ya petroli, kwa hiyo Mercedes waliifungia pampu ya kunyonya hewa. Pampu hiyo hiyo moja inasaidia breki, inafunga milango, inazima injini ukigeuza ufunguo, na inaiambia giaboksi ibadilishe gia kwa upole kiasi gani. Vyote vimeunganishwa kwa vijibomba vyembamba na viungo vya mpira vya miaka 40. Kijibomba kikivuja ndani ya mlango wa nyuma, gia zinaanza kupiga teke. Umetoa ufunguo, injini bado inanguruma. Baba alikuwa ananyanyua boneti pale pale kwenye maegesho ya duka, anaizima kwa mkono, anaendelea na safari yake kama hakuna kilichotokea.

Lakini hii ya sasa haikuwa hewa. Giaboksi ilikuwa inateleza. Unaweka rivasi, unahesabu moja, mbili, tatu, ndiyo inashika. Oili ilitoka nyeusi ina harufu ya kuungua. Gereji moja hapa ilitaka zaidi ya dola 3,000 kuifungua na kuifanya upya, na nyingine zilikataa kabisa kuigusa. Siku hizo hizo nikaona 240D inauzwa dola 700 huko kusini mwa mji. Chumvi ya barabarani ilikuwa imeila sakafu, unaona lami ukiwa umekaa, lakini gia zake nne zilikuwa zinaingia kama kisu kwenye siagi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Goti la kushoto la Baba limeisha. Daktari kalipiga picha, kasema yaliyobaki ni mfupa kwa mfupa. Ngazi za chini anashuka kwa ubavu. Kwenye gari ya otomatiki mguu wa kushoto unakaa tu, haukuajiriwa. Kwenye gari ya klachi mguu huo ndio mfanyakazi mkuu, na klachi ya gari hizi si nyepesi. Dada akasema wazi mbele ya chai: "Ukiweka klachi, Baba haiendeshi tena. Basi sema tu unaitaka wewe." Mama akanyamaza. Mama akinyamaza mnajua.

Nami sikuwa na jibu zuri, maana kweli naitaka. Ila kulikuwa na hesabu pia: dola 3,000 hazikuwepo, na gari iliyokaa kwenye theluji bila kutembea inakufa ndani ya misimu miwili. Nikasema tusubiri Baba mwenyewe aseme. Akakaa siku nne hasemi. Siku ya tano baada ya Isha akaniuliza, "Hiyo 240, difu yake ni ngapi?" Nikajua jibu limeshatoka.

Kwa wanaotaka ufundi, kaeni hapa. Wengine rukeni aya mbili tatu, hamtapoteza kitu.

Siri kubwa ni kununua gari nzima ya kutolea viungo, si giaboksi peke yake. Unachokihitaji ni kirefu: giaboksi, kigango kinachoibeba na maunti yake, kiti cha pedali na pedali tatu, silinda ya juu na ya chini ya klachi, mkono wa gia na fito zake, flaiwili, na nusu ya mbele ya propela shafti, kwa sababu urefu haulingani na wa otomatiki. Ukivitafuta kimoja kimoja utazeeka. Upande wa injini ya Baba tulitoa tokonveta, lile boga la chuma lililojaa oili, na sahani nyembamba inayolishika. Mahali pake inakaa flaiwili ya 240D. Matundu ya bolti yanalingana, na hapa ndipo wengi hufurahi mapema. Injini ya silinda nne na ya silinda tano hazikupimwa mizani sawa. Unapeleka flaiwili pamoja na ile sahani ya otomatiki kwa wachongaji vyuma, wanailinganisha flaiwili na sahani. Ukiifunga bila hivyo, injini itatetemeka, na mtetemeko huo unakula beringi. Bolti zake ni mpya kila mara, maana zimeundwa kunyooka zikikazwa, zikishanyooka hazirudi.

Kuna kijiberingi kinakaa nyuma ya krenki ambacho otomatiki haina kazi nacho. Usipokiweka, shafti ya giaboksi haina pa kulala. Kisha pleti ya klachi inawekwa katikati sawasawa kabla ya kukaza presha pleti. Mimi nilikuwa nimeagiza kile kifimbo cha plastiki cha kuipangia, hakijafika. Baba akiwa kwenye kiti chake cha kukunja, mguu juu ya ndoo, akaniambia nilete mpini wa ufagio. Akaukata, akauzungushia tepu taratibu mpaka ukakaa kwenye tundu bila kucheza, akafunga jicho moja. "Sogeza juu. Ukucha mmoja. Basi." Giaboksi iliingia mara ya kwanza. Kile cha plastiki kilifika Alhamisi, bado kiko kwenye bahasha.

Klachi ya gari hizi inakunywa mafuta ya breki kutoka chupa ile ile ya breki, na kuitoa hewa kutoka juu ni balaa. Njia ya Mercedes wenyewe ni kuanzia chini: unaunga mpira kutoka niplo ya breki ya mbele mpaka niplo ya silinda ya chini ya klachi, unafungua zote mbili, mtu anakanyaga breki polepole, mafuta yanapanda yanasukuma hewa mpaka kwenye chupa. Kila anaporudisha mguu unafunga kwanza. Waya nazo: otomatiki ina swichi inayozuia gari kuwaka ikiwa si P au N, na taa ya rivasi inapita hapo hapo. Unaunganisha nyaya za kuwashia, na za taa unazipeleka kwenye swichi ya giaboksi mpya. Ukisahau, gari haiwaki na utadhani betri.

Kuhusu difu, Baba alikuwa na sababu ya kuuliza. Ya 240D ni 3.69, ya kwetu ni 3.07. Tuliiacha ya kwetu. Maana yake gia ya kwanza ni ndefu kidogo kuliko ilivyokuwa kwenye 240D, ukiondoka mlimani unahitaji kuachia klachi kwa adabu. Barabara kuu, gia ya nne ni moja kwa moja, kama ilivyokuwa ya nne ya otomatiki, kwa hiyo usitarajie injini itulie zaidi kwenye maili 65 kwa saa. Wanaotaka hivyo ndio hao wa gia tano.

Mmefika? Sawa.

Kilichonishangaza ni lugha. Baba nyumbani ni mtu wa maneno kumi kwa siku, saba kati yake ni dua. Chini ya gari alikuwa mtu mwingine. Nilijifunza kupangua gia, kutia nyutro, klachi inayokamata juu na inayokamata chini, gari inayokohoa, gari iliyobeba kiburi. Nusu ya maneno ni Kiingereza kilichovaa kanzu, najua, lakini yamekaa pwani muda mrefu kiasi kwamba nilipomwambia fundi mmoja wa hapa "propela shafti" alinitazama kama nimetaja samaki. Wenzangu mnaolalamika kwamba wazee wenu hawaongei nanyi Kiswahili, mnawaulizaje? Mimi miaka yote nilikuwa namuuliza Baba habari za utoto wake, anajibu "alhamdulillahi". Nilipomuuliza jinsi ya kushikilia gari kwenye mteremko wa feri ya Likoni bila handbreki, nilipata saa mbili na nusu, pamoja na majina ya makondakta.

Kwa mnaoishi Uingereza, kumbukeni ukifanya mtihani kwa otomatiki leseni yako haikuruhusu kushika klachi. Kenya nako wametenga, B1 ya otomatiki na B2 ya gia za mkono. Hapa Ohio hakuna anayeuliza. Nilijifunzia gari hii hii kwenye maegesho ya duka la samani lililofungwa, Baba pembeni yangu.

Pembeni yangu ni upande wa kulia. Kwao Mombasa huko ndiko anakokaa dereva. Nikikaribia taa naona goti lake lile bovu linanyanyuka kidogo, mguu unakanyaga zulia, halafu mkono wake wa kushoto unasogea kwenye paja kutafuta mkono wa gia ambao uko kwangu. Haangalii. Nikichelewa anasema tu "badili". Nikibadili mapema anasema "ulikuwa na haraka gani?" Wiki iliyopita alikubali kuiendesha, mara moja, kuzunguka mtaa. Aliondoka bila kutikisa hata kikombe. Aliporudi alikaa ndani dakika kadhaa mlango umefungwa, akashuka akishika paa la gari, akaingia ndani kutafuta ile dawa ya kuchua. Dada alikuwa dirishani. Hakusema neno, wala mimi.

Giaboksi ya zamani hatukuiuza kwa chuma chakavu. Iko nyuma ya gereji juu ya mbao mbili, imefunikwa turubai, tokonveta yake pembeni. Bolti zote ziko kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na Baba amebandika karatasi kwa mwandiko wake: USITUPE.