Mchanga Usoni mwa Waliorudi

Safu ya juma hili twaiandika tukiwa tumekwisha rudi Pwani, ila habari yenyewe tumeitoa bara, Mogogosiek, katika nchi ya chai, kaunti ya Bomet. Tulikwenda huko mwezi wa Muharram, mwaka 2021, kwa hitma ya mzee mmoja, mtu wa Mombasa aliyehamia bara akiwa kijana, akafungua duka la nguo, akaoa, akazaa, na akazikwa huko huko. Waislamu tuliokutana nao pale ni nyumba chache mno. Wanasali katika chumba cha nyuma ya duka, baina ya majora ya vitambaa. Na baridi ya alfajiri, msomaji, haisimuliki. Sisi tuliozoea kanzu ya melimeli tulisalisha Subhi tumejitanda blanketi la mwenyeji wetu.

Jumapili ya tarehe 15 Agosti, siku chache kabla ya Ashura, Taliban waliingia Kabul. Rais Ashraf Ghani akakimbia. Kesho yake televisheni ya dukani ilituonyesha yale ambayo bila shaka nanyi mliyaona: watu wakiifukuza ndege ya kijeshi ya Marekani uwanjani, wengine wameng'ang'ania ubavu wake, na baadaye miili ikianguka kutoka angani. Jeshi lililokaa nchi ya watu miaka 20 lilikuwa likifunga virago kama mpangaji anayekimbia kodi. Dukani walikuwamo wachuma chai wawili waliokuja kununua viatu vya mpira. Walisimama na viatu mkononi, wakasahau kulipa, na mwenye duka akasahau kudai.

Usiku ule mke wa mwenyeji wetu alipokea ujumbe wa sauti katika kundi moja la akina mama wa huku kwetu Pwani. Msemaji hakujitaja jina. Alipiga takbira, akasema makafiri wamekimbia, na mwishoni akaongeza kuwa zamu ijayo ni ya Mogadishu. Yule mama alisikia takbira, moyo ukamfurahi, akauweka ujumbe kwenye stetasi yake ya WhatsApp kabla haujafika mwisho. Maneno ya mwisho, aliapa mbele yetu, hakuyasikia.

Jirani yake aliyasikia. Ni mama wa Kikipsigis, Mkristo, shamba lake limepakana na ua wa duka. Kwa miaka kumi na zaidi wamelea watoto wao kama watoto wa nyumba moja. Kitinda mimba wa mama huyu ni askari wa KDF, na wakati ule alikuwa Somalia.

Asubuhi, kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, salamu ya mke wa mwenyeji wetu haikuitikiwa. Jioni mtoto wa jirani akatumwa na sufuria mbili, ungo na chupa ya chai, vyote vilivyowahi kuazimwa, vimeoshwa vikang'aa. Msomaji wa kike hahitaji kufasiriwa maana yake.

"Ami," alituambia yule mama huku akilia, "mimi nimchukie mwanawe? Mkono ulipomvunjika akiwa mdogo, ni mimi niliyeufunga kwa leso yangu nikampeleka zahanati."

Tukaenda kwa jirani. Alitupokea nje, akatutolea kigoda, akatuita pasta, nasi hatukuona haja ya kumsahihisha. Hakupandisha sauti. Alisema mwaka 2016 mtoto wa kaka yake alikuwa El Adde. "Pasta, nilikaa na wifi yangu siku tisa, simu mkononi. Hakuna aliyetuambia kitu. Picha tuliziona kwa watu kabla ya kuambiwa na wakubwa. Halafu tukasikia kambi yenyewe imeachwa. Sasa jirani yangu anacheka kwamba zamu imefika tena."

El Adde tuieleze kidogo, kwani wapo mabinti wanaosoma safu hii ambao wakati ule walikuwa darasa la pili. Alfajiri ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2016, al-Shabaab waliivamia kambi ya askari wa Kenya katika jimbo la Gedo. Wengi wa waliokuwamo walitoka kikosi cha Eldoret, na huko ndiko ilikofanywa ibada ya kuwakumbuka, tarehe 27 mwezi ule ule, akiwapo Rais Uhuru Kenyatta pamoja na marais wa Nigeria na Somalia. Idadi ya waliokufa serikali haikuitangaza. Rais wa Somalia alitaja kwenye televisheni baina ya 180 na 200. Nairobi haikukubali, wala haikutoa hesabu yake. Waliosambaza picha walionywa kuwa watakamatwa, na mwandishi mmoja akakamatwa kweli. Siku chache baadaye wenyeji wa kule wakasema Wakenya wameondoka El Adde na Badhadhe. Wakubwa wa jeshi waliita jambo hilo kupanga upya vikosi. Wazazi milimani waliliita kwa jina lao.

Na sisi, masheikh wa Pwani, tulifanya nini juma lile? Hapa twajishuhudia wenyewe. Tulinyamaza. Tulikuwa na hofu zetu, na hofu zenyewe zilikuwa na msingi, maana vijana wetu walikuwa wakisakwa na wengine hawakurudi majumbani. Tulichelea kuonekana upande wa serikali, tukachelea kuonekana upande mwingine. Hatukutoa hata mkono wa taazia kwa mama yeyote. Ukimya huo mama huyu wa Mogogosiek aliusikia, na miaka mitano baadaye, sauti ya kwanza iliyomfikia kutoka kwetu ikawa ile ya kwenye simu.

Nadhani wako watakaosema: Sheikh, kwani dhalimu akishindwa tusifurahi? Vita vile vya Afghanistan hatukuvipenda tangu 2001, wala hatuoni haya kusema hivyo leo. Tarehe 29 Agosti, jeshi likiwa mlangoni linatoka, ndege yao isiyo na rubani iliua watu kumi wa jamaa moja mjini Kabul, saba kati yao watoto. Lakini siku tatu kabla yake aliyejilipua kwenye geti la uwanja wa ndege aliua askari 13 wa Marekani na Waafghani zaidi ya mia moja na hamsini, Waislamu waliokuwa wamesimama na hati zao mkononi wakiomba kuondoka. Anayeshangilia achague vizuri anachoshangilia. Na wasichana wa Kabul, Agosti ile ya 2021 tulikuwa tukingoja tuone kama milango ya skuli itafunguliwa nao wakiwamo. Hilo nalo ni la kuliangalia kabla ya takbira.

Watu kuwapokea vibaya wanaorudi kutoka vitani si jambo la leo. Mwaka wa 8 Hijria jeshi la Waislamu 3,000 lilikutana Mu'ta, katika nchi ya Jordan ya leo, na jeshi kubwa kupita kiasi. Makamanda watatu walikufa mmoja baada ya mwingine: Zayd bin Haritha, Ja'far bin Abi Talib na Abdullah bin Rawaha. Khalid bin Walid akaichukua bendera, akaona kuendelea ni kuwamaliza watu bure, akawatoa kwa hila za kivita. Walipofika Madina, watu waliwatokea njiani wakawarushia mchanga na kuwaita wakimbizi wa vita. Mtume, sala na amani zimshukie, akawakatalia jina hilo; akasema hawa ni watu wa kurudi tena. Hata hivyo maneno ya watu hayakuisha siku ile. Salama bin Hisham alijifungia nyumbani, hata msikitini haonekani. Bi Ummu Salama alipomuuliza mkewe, aliambiwa kuwa kila akitoka watu humpigia kelele. Mwanamke yule ndiye aliyeubeba mzigo wa vita vile ndani ya nyumba yake, na laiti Ummu Salama hakuuliza, sisi tusingejua.

Twajua askari wa Marekani si masahaba, na hatulinganishi. Twazungumza juu ya waliobaki nyumbani. Huko Marekani wengi walitaka vita vile viishe, kisha wakakasirika kwa namna vilivyoishia, na wazazi wa wale 13 wakakabidhiwa majeneza yenye bendera. Uganda, nchi yenye wakimbizi wengi kuliko jirani zake wote, ilipokea Waafghani 51 Entebbe tarehe 25 Agosti. Huku kwetu tulirushiana sauti za simu.

Na mtu asidhani Mogogosiek ni mbali na Kabul. Majani yanayopimwa kwenye kituo kile huingia kiwandani, kisha yakashuka kwa lori hadi maghala ya Mombasa na kuuzwa mnadani. Mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya ni Pakistan, na Afghanistan imo miongoni mwa wanunuzi. Huenda mikono ya mama yule imewahi kumpa kiamsha kinywa mtu aliyekuwa kwenye foleni ya geti lile.

Tulimwambia mke wa mwenyeji wetu mambo mawili tu. Kwanza, aufute ujumbe, kisha mahali pale pale aandike kwa maneno yake mwenyewe kwamba alikosea, ili aliyeona kosa aone na toba. Sura ya Al-Hujurat imetuamuru kuhakiki habari kabla hatujawadhuru watu bila kujua, na kidole juu ya simu hakikusamehewa amri hiyo. La pili tulilitoa Mu'ta vile vile. Habari ya Ja'far ilipofika, mkewe Asma bint Umays alikuwa amekwisha kanda unga, amewaosha watoto na kuwapaka mafuta. Mtume aliwakumbatia watoto wale akalia, kisha akaagiza jamaa ya Ja'far wapikiwe chakula. Desturi yetu ya jirani kupika kwenye msiba yatoka hapo. Tukamwambia: msiba wa mtoto wa kaka yake haukupikiwa na nyumba ya Kiislamu, na hukumu ya taazia kuchelewa miaka mitano iachieni sisi, wewe pika.

Akapika pilau ya nyama, kwa viungo alivyoletewa kutoka Mombasa, akaifunika kwa kawa, akaipeleka mwenyewe bila kumtuma mtoto. Alikaa huko tangu Asri mpaka karibu na Magharibi. Aliporudi hatukumuuliza, naye alikwenda moja kwa moja kutia udhu. Ijumaa tulipopanda matatu ya kurudi, sahani ilikuwa bado iko kwa jirani.