Vijana, msinunue kompyuta kwa macho

Umejinyima mwaka mzima. Umebeba kamera kwenye harusi za watu, umefanya vibarua, hata chipsi umeacha. Sasa unashuka Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta kompyuta ya mezani: mchana uhariri video za wateja, usiku ucheze gemu. Dukani unaonyeshwa kasha la kioo lenye taa za kila rangi na roho inaruka. Ngoja kwanza.

Vyote ving'aavyo si dhahabu. Kinachoamua kama mashine itakufaa mwaka mmoja au sita ni vitu viwili ambavyo vijana wengi huuliza mwisho, kama wanauliza: pawasaplai na mazabodi.

Pawasaplai ndiyo hupokea stima ya volti 240 na kuigawia vifaa vingine. Stima yetu tunaijua: hupotea bila hodi na kurudi kwa kishindo. Pawasaplai ya bei ya kutupa ikiungua, inaweza kuondoka na kila kitu. Cheti cha 80 Plus ni kizuri, lakini hupima tu stima inayopotea bure, si usalama. Kwa hivyo uliza waranti. Kampuni inayokupa miaka mitano haibahatishi. Kisha weka UPS, hata ndogo, ili stima ikikatika uwahi kuhifadhi kazi.

Mazabodi nayo ndiyo huamua kesho yako. Waliojenga mashine kwa soketi ya AM4 ya AMD mwaka 2017, wengi wao waliweza kuchomeka prosesa ya Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022 bila kubadilisha mazabodi, mradi wasasishe programu yake. Soketi iliyofuata, AM5, ilitoka 2022 na AMD imeahidi kuiendeleza angalau hadi 2027. Huo ndio ununuzi wa akili: leo prosesa ya kadiri, baadaye kubwa zaidi, palepale.

RAM ya GB 16 inatosha gemu nyingi, ila kwa kuhariri lenga GB 32. Doo zikiwa chache, anza na 16 na uache nafasi ya kuongeza. Chukua SSD kwa kazi za sasa na diski ya kawaida kwa za zamani. Kadi ya grafiki inaweza kuwa ya mkono wa pili, mradi uione ikifanya kazi mbele yako, kwani ndiyo rahisi kubadilisha baadaye.

Je, ex-UK? Si dhambi, na wengi wameanzia hapo. Lakini nyingi zilikuwa za ofisini: pawasaplai ni ndogo, tena ya umbo lake pekee, hivyo kadi kubwa haitapata nguvu. Isitoshe, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bila malipo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Uliza kizazi kabla ya kutoa M-Pesa.

Nanyi wenye maduka, andikeni kwenye risiti jina la kila kifaa na muda wa waranti. Kijana anawapa akiba yake yote.

Mteja wa harusi hatakuuliza taa zako ni za rangi gani. Atakuuliza video yake iko wapi.