CHUPA ILIKUWA NA MWENYEWE. PAKETI NI YA NANI?

Ndugu Wanachama, kila masika yakifika husikika lawama zile zile. Mitaro imeziba, maji yameingia nyumbani, watoto wanaharisha. Mwenyekiti wa mtaa huwalaumu akina mama, akina mama huwalaumu vijana, na vijana huilaumu manispaa. Katika lawama hizo zote yuko mtu mmoja asiyetajwa kamwe, naye ni yule aliyeitengeneza takataka yenyewe, akatuuzia, akatia fedha mfukoni. Leo nataka tumtaje huyo.

Tutazame kwanza kilichomo mtaroni. Si ule mfuko wa plastiki wa kubebea. Ule ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni, 2019. Wako waliosema siku zile kwamba jambo hilo haliwezekani, na kwamba biashara zitakufa. Biashara hazikufa. Watu walitoa vikapu vyao, wakaenda sokoni, wakarudi na samaki wao kama kawaida.

Kilichojaa mtaroni sasa ni paketi za vyakula: za biskuti, bisi, karanga, unga wa juisi, viungo vya mchuzi, na tambi za kuiva upesi. Kanuni za mwaka 2019 ziliviacha vifungashio vya vyakula vya viwandani, maana zilikusudia mifuko ya kubebea. Basi mlango mmoja ulifungwa, na wa pili ukabaki wazi.

Chukueni hizo tambi. Bwana Momofuku Ando alizibuni huko Japani mwaka 1958, na leo hakuna duka la mtaani lisilokuwa nazo. Mama atokaye kazini magharibi huzichemsha kwa dakika tatu, watoto wakala wakalala. Simlaumu mama huyo hata kidogo. Lakini tambi zikiisha dakika ile ile, paketi haiishi. Haiozi kama ganda la ndizi. Hukatika vipande, na vipande hukatika vipande vidogo zaidi, vikaingia udongoni na majini, na huko vitakaa hata baada ya yule mtoto aliyekula kuwa mzee.

Hapana budi tuelewe jinsi paketi ilivyofanywa. Paketi nyingi za namna hii si kitu kimoja. Ni plastiki, na mara nyingi utando mwembamba wa alumini, kisha plastiki nyingine, zote zimegandishwa pamoja ili hewa na unyevu visiingie. Kazi hiyo huifanya vizuri, wala siikatai. Lakini kilichogandishwa hivyo ni shida kukitenganisha. Ndiyo sababu vijana wetu waokotao chupa za maji na vyuma chakavu huipita paketi ya biskuti bila kuitazama. Chupa ina mnunuzi, chuma kina mnunuzi, paketi haina. Ukiichoma, moshi wake una sumu, na wanaouvuta ni watoto wachezao uani. Ukiiacha, mvua huichukua. Katika Dar es Salaam huingia Mto Msimbazi, na Msimbazi huipeleka Bahari ya Hindi.

Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliwatoa watu wa bonde hilo majumbani mwao, na wengi walihamishiwa Mabwepande. Paketi hazikuleta mvua ile, nayo ilikuwa kubwa mno. Lakini kila mkaaji wa bondeni anajua kwamba mtaro uliojaa takataka huyageuza hata maji madogo kuwa msiba.

Wako wasemao kwamba kosa ni tabia yetu, kwamba sisi ni watu wachafu tusiojali. Nawauliza hao swali moja. Je, mnaikumbuka soda ya chupa ya kioo? Ulipokwenda dukani, mwenye duka alikuuliza kwanza, "Una chupa?" Kama huna, ulikunywa pale pale ukiwa umesimama, au uliacha fedha ya chupa mpaka uirudishe. Chupa tupu zilipangwa ndani ya kreti, gari likaja, likazirudisha kiwandani zikaoshwa na kujazwa tena. Nani aliona chupa zile zimeziba mitaro? Tulikuwa watu wale wale, katika mitaa ile ile, na tabia zile zile. Tofauti ni kwamba chupa ilikuwa na mwenyewe. Kiwanda kiliitaka irudi, kwa hiyo ikarudi. Ilipokuja chupa ya plastiki, kiwanda kilijivua mzigo wa kukusanya na kuosha, na mzigo ule ukaletwa mlangoni pako wewe. Tena hatukuulizwa.

Wako pia wasemao kwamba paketi ndogo ni rafiki wa maskini, maana mtu wa kibarua hawezi kununua kilo nzima. Ni kweli kwamba hununua kidogo kidogo. Lakini kununua kidogo hakukuanza na paketi. Mchele ulipimwa kwa kibaba, mafuta ya kula yalipimwa, na mnunuzi alikuja na chombo chake. Karanga zilitiwa katika karatasi, samaki katika pakacha. Bado liko duka la kupima katika mitaa mingi, nalo humuuzia maskini kwa kadiri ya uwezo wake bila kumwachia takataka. Na kama mnadhani paketi ni bei rahisi, fanyeni hesabu. Wekeni mezani paketi ndogo za kutosha kilo moja, mjumlishe bei zake, kisha mlinganishe na kilo moja ya kupimiwa. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne aiweza. Mtaona ni nani anayelipia ule utando wa alumini.

Dunia nzima sasa hutengeneza plastiki zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka, na katika kila tani 100 za taka zake ni tani kama 9 tu zinazofanywa upya kuwa kitu kingine. Mwezi wa Machi 2022, hapo jirani Nairobi, mataifa yalikubaliana kuandika mkataba wa kukomesha balaa hili. Walikutana Busan mwaka 2024, wasiafikiane. Walikutana Geneva mwezi wa Agosti 2025, wakatawanyika tena bila mkataba, kwa kuwa nchi zenye mafuta hazikutaka utengenezaji wa plastiki uwekewe kiasi. Mwenye kungoja hao wapatane, na angoje. Masika hayatangoja.

Jirani zetu wa Kenya walipitisha sheria mwaka 2022 inayomtwika mwenye kutengeneza bidhaa wajibu wa taka zitokanazo nayo. Ndilo jambo la kulidai sisi pia, kwa nguvu zote. Kila tawi lichague siku moja, likusanye paketi za mtaro mmoja tu, lizihesabu kwa aina, na liandike ni kiwanda gani kimetia ngapi. Orodha hiyo apelekewe diwani, naye mbunge apewe nakala. Tumezoea kupeleka malalamiko. Safari hii tupeleke hesabu. Na mbunge aulizwe mbele ya mkutano: ni lini kiwanda kitalazimishwa kuweka amana juu ya chupa na kulipia ukusanyaji wa paketi zake?

Wakati huo huo tuwaunge mkono wenye maduka ya kupima. Twende na vyombo vyetu. Mkutano wa tawi usinunue maji ya chupa ndogo hamsini wakati pipa moja na vikombe vyatosha. Hatuna haki ya kumshtaki mwenye kiwanda huku viti vyetu vimezungukwa na takataka zake.

Kufagia ni kazi ya heshima, na kila Jumamosi tutafagia. Lakini mtu anayefagia kila siku uchafu wa mwingine, asimwambie neno, huyo hafanyi usafi. Huyo amekuwa mtumishi wake bila mshahara. Chupa ilikuwa na mwenyewe, akaja kuichukua. Mwenye paketi naye anajulikana, jina lake limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Na aitwe aje achukue mali yake.