Ushindi Si Mwisho wa Hadithi

Miongoni mwa kasoro za usomaji wa siku hizi, iko moja ambayo twaona yafaa isemwe waziwazi. Nayo ni ile ya msomaji kumtendea mwandishi kama mteja amtendeavyo mpishi: asipoletewa alichoagiza, hudai kuwa chakula kimeungua.

Mfano wake ni mapokezi ya riwaya ya Wayward Son, iliyotolewa mwaka 2019 na mwandishi wa Marekani, Rainbow Rowell. Hiki ni kitabu cha pili katika mfululizo wa vitabu vitatu. Cha kwanza, Carry On, kilitoka mwaka 2015. Cha tatu, Any Way the Wind Blows, mwaka 2021. Katika kile cha kwanza, Simon Snow, kijana asiyewajua wazazi wake, aliyetabiriwa kuwaokoa wachawi wa Uingereza, anatambua kwamba anampenda Baz, hasimu wake wa miaka mingi waliyekuwa wakikaa chumba kimoja shuleni. Baz naye ni mnyonya damu. Janga linashindwa, lakini kwa gharama kubwa: Simon anautoa uchawi wake wote, naye anabaki na mabawa na mkia kama vya joka.

Wapo wanaoutupa mfululizo huu kwa kuwa wapenzi hao ni vijana wawili wa kiume. Hao hatuwezi kubishana nao juu ya fasihi, maana hawakuifikia. Waliishia kwenye jalada. Wapo pia wanaousifu kwa sababu hiyo hiyo peke yake, nao hawakufika mbali zaidi. Ubishi wetu ni na kundi la tatu, yaani wale waliokipenda kitabu cha kwanza kwa moyo wote, wakangoja asali kwa miaka minne, kisha wakalia kwamba wameletewa shubiri.

Ni kweli, shubiri imo. Simon ameacha masomo, anashinda kochini mjini London. Rafiki yao Penelope anawachukua kwenda Marekani, wavuke nchi ile kwa gari, akitumaini kwamba safari itawachangamsha. Lakini huzuni nayo inapanda gari pamoja nao. Simon anadhani kuwa Baz angekuwa na heri zaidi bila yeye. Baz anaogopa kuuliza, asije akajibiwa. Kitabu kinakwisha na jambo hilo halijatatuliwa.

Je, hilo ni kosa? Sisi twasema sivyo. Tumelelewa kwa methali isemayo kuwa baada ya dhiki faraja, na hadithi nyingi za utotoni mwetu zilitulaza usingizi mara tu arusi ilipokwisha. Lakini mtu aliyepigana tangu utoto, halafu vita vikaisha, atafanya nini kesho yake asubuhi? Aliyeambiwa kwamba thamani yake ni nguvu zake, akizipoteza, atajiitaje? Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hawakusema kwamba mhunzi hatalia. Nasi, ambao bendera yetu ilipandishwa mwaka 1961, tusingepaswa kufundishwa na mgeni kwamba siku ya ushindi ndiyo siku ya kwanza ya kazi ngumu.

Hatudai kwamba riwaya hii haina dosari. Misukosuko ya njiani ni mingi kuliko inavyohitajika, na mwisho umekatwa ghafla mno. Haya ni malalamiko ya haki, kwa sababu yanahusu namna kazi ilivyotendwa. Bali kulalamika kwamba wapenzi hawakufurahi vya kutosha ni kumlaumu mwandishi kwa kusema kweli. Mapenzi yanayofaa kusomwa tu wakati wa kubusiana si mapenzi, ni mapambo.

Basi walimu wasikomee kuwauliza wanafunzi kama kitabu kimewapendeza. Wawaulize mwandishi alijitwisha mzigo gani, na kama aliufikisha. Katika kila darasa hakosi kijana aliyekwisha kushinda jambo ambalo watu walimpongeza kwalo, naye hajui kwa nini hana furaha. Kijana huyo atajiona katika kitabu cha pili, wala si katika cha kwanza. Kumnyima kitabu hicho kwa hoja kwamba kinahuzunisha ni kumwacha peke yake na huzuni aliyokuwa nayo tangu mwanzo.